Pale Pasipotajwa

Iyunga, Mbeya
9 Machi 1975

Mpendwa Shangazi Tekla,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii naiandikia jikoni, kwa sababu sebule yote imelaliwa na wageni wa Sekela kutoka Tukuyu. Wamekuja na mikungu ya ndizi ya kulisha jeshi. Ukiniona sasa utasema mke wangu ameniroga nimekuwa Mnyakyusa kabisa, maana ugali naupata kwa maombi. Paskalina ameota meno ya mbele na anauma kila anayembeba. Maharage yako yalifika na lori la Silvester, yakiwa yamelaliwa na mbao lakini mazima. Tunakushukuru sana.

Sasa, lililonifanya nishike kalamu. Kile kisima kirefu kilichochimbwa hapo Itengelwa, mliposhangilia halafu mkapata ndoo tatu za tope, kimeletwa kwetu. Mradi wetu unataka kukifufua. Maji yapo chini, ila mwamba wa huko ni mzima mno, hauyapitishi. Kwa hiyo shimo litazibwa kwa kizibo cha mpira, tutasukuma maji kwa pampu kubwa mpaka mwamba ushindwe upasuke, na ule ufa ndio utakaoleta maji kisimani. Umeona mafundi wa Mafinga wanavyopasua gogo la paini kwa kabari? Ndivyo hivyo, ila kabari yetu ni maji yenyewe.

Kazi yangu mimi ni kujua ufa utaelekea wapi kabla pampu haijawashwa. Hilo tunaiuliza kompyuta, mashine ya hesabu iliyoko Dar es Salaam. Ufa wa maji una tabia yake: unakimbilia upande ambao mwamba umebanwa kidogo. Kompyuta ikiambiwa mwamba umebanwaje na una nguvu gani, inachora ufa wote hatua kwa hatua kama vile umekwishatokea. Lakini inajua kile tu inachoambiwa.

Ndiyo maana nakuuliza, nawe unijibu kama ungemjibu mtu baki: kati ya kisima na mahame yetu, kule mlikohamishwa kuletwa kijijini, kuna jiwe lolote lenye ufa? Sikuulizi juu ya pale nyuma ya nyumba ya zamani. Pale ni pale, sitapaandika. Nauliza mengine.

Na mwenyekiti Jailos ameniandikia kwamba asubuhi moshi unaonekana mahame. Shangazi, nyumba yako mpya ya kijijini ina kasoro gani?

Wasalimie wote.
Mwanao,
Liberatus Kalinga


Itengelwa
20 Aprili 1975

Baba yangu Liberatus,

Nakuita baba kwa kuwa unalo jina la baba yangu, Kalinga, na mwenye jina la mzee haitwi ovyo hata akiwa anakula ndizi kila siku. Kamwene. Mimi mzima, mgongo ndio unaonisema. Mahindi yamebeba vizuri. Padre alikuja Jumapili ya Matawi akabariki kijiji kizima kwa haraka, mvua ilikuwa inamnyeshea. Mwambie Sekela asimkataze mtoto kuuma. Asiyeuma akiwa mdogo huja kuumwa akiwa mkubwa.

Umeuliza kama kuna jiwe lenye ufa. Hakuna. Andika hivyo: hakuna. Ulipoandika kwamba pale hupaandiki nilifurahi sana, nikajua shule haijakuosha ukabaki mfupa mtupu. Toka kwa babu zetu tunasema "pale" basi, hatupanyooshei kidole wala hatupatajii jina, na mtu wa mradi asisikie habari zake.

Moshi wa mahame ni wangu. Jailos macho anayo makali kwa moshi wa watu, mbona haoni tope la kisima chake? Nakwenda kuchuma mboga. Wakati mwingine mvua inanikuta, nalala.

Sasa nisikilize. Toka baba yako alipofariki hakuna aliyegema mwanzi akamwaga ulanzi pale. Wewe unajua yanavyofanyika: mwanamume wa nyumba anamwaga, anataja jina lake na la baba yake na la babu yake; mwanamke wa nyumba anakaa ameegemea pale, anasikiliza, na ulanzi ukishashuka anajibu, "Umepokelewa." Bila huyo wa kujibu haujapokelewa. Mwaka huu, kwa kuwa wewe huji, nikasema nitafanya vyote viwili mwenyewe. Nikamwaga, nikazunguka, nikakaa, nikajibu.

Ukarudi, baba. Palikuwa pananywa miaka yote. Asubuhi nimekuta ulanzi umepanda mpaka ukingoni, umekaa tuli, na ulikuwa mweupe kama maji, bila harufu. Nikaujaribu kwa kidole. Ulikuwa baridi, baridi ambayo haijapata kuwa ya huku juu.

Msimu wa ulanzi unakwisha. Utakuja lini?

Shangazi yako,
Tekla


Iyunga, Mbeya
15 Juni 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Paskalina aliugua surua tukakesha naye. Sasa amepona, ila amekonda amebaki macho. Sekela anakusalimu, anasema ukija atakupikia ndizi uzichukie vizuri, siyo kuzichukia kwa kusikia. Likizo nimeomba, wameninyima hadi kazi ya kisima iishe.

Nilifanya ulivyosema. Kompyuta husoma matundu ya kadi za karatasi; penye swali la mawe yenye nyufa, hatukutoboa kadi yoyote. Kwa kompyuta hii, asiyetobolewa kadi hayupo duniani. Hapa ofisini yupo kijana wa Rungwe, Anyitike, ndiye anayezitoboa. Anazifunga kwa raba, zinapanda basi kwenda Dar es Salaam, na baada ya juma moja au mawili inarudi karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa. Juu ya karatasi kuna vinyota. Kila kinyota ni mahali ncha ya ufa itakapofika maji yakizidi kusukumwa.

Kwa hesabu zote ufa ulipaswa kwenda mashariki, upande wa mto, mbali na watu. Mtaalamu wetu mgeni alikuwa ameshachora mshale kwa kalamu nyekundu. Karatasi ikaja: vinyota vinaanzia kisimani, vinakwenda mashariki kidogo, halafu vinageuka. Vinarudi nyuma, vinapita chini ya kijiji, vinapanda magharibi kwenye mahame, vinaishia hapo.

Mtaalamu alisema kuna kadi imetobolewa vibaya. Anyitike aliona amedharauliwa, akazitoboa zote upya mbele yetu, na karatasi ikarudi vilevile. Nikajaribu jambo la kipumbavu. Mahali pa nguvu ya pampu nikaweka sifuri. Mwamba usiosukumwa haupasuki, hata mtoto anajua. Ilikuwa kama kuuliza gogo litapasukaje hali kabari ipo bado dukani.

Vinyota vilikuwa vilevile. Anyitike aliitazama karatasi akanong'ona, "Kaka, hii kitu haisukumwi na sisi." Tangu siku hiyo hataki kukaa nayo peke yake chumbani, na mimi simcheki.

Shangazi, nakuomba jambo moja, na usiniulize sana. Ondoka mahame. Usichume mboga, usingoje mvua ipite. Vinyota vinaishia chini ya nyumba yako, na pampu ikija sitaki uwe juu yake.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Liberatus


Mahame
13 Julai 1975

Baba yangu Liberatus,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimefurahi kwamba mtoto amepona. Mpe uji wa ulezi, macho yatarudi mahali pake. Huku baridi ya sakitu imeunguza viazi vyote vya bondeni. Silvester amesimama na lori hapa nje, anapiga honi kama ana harusi, kwa hiyo nitaandika ya maana.

Umeona nilivyoandika hapo juu. Sikudanganyi tena. Naishi huku toka Pasaka. Ile nyumba ya kijijini ni nzuri, imenyooka, iko mstarini na wenzake kama meno ya bandia, lakini hakuna mtu wangu aliyezaliwa ndani yake wala aliyefia. Mkataa kwao mtumwa. Na zaidi, pale hapawezi kuachwa bila mtu wa nyumba. Nakushikia nafasi yako tu, ukija naondoka.

Lakini hebu niambie, mashine yenu mmeshaiwasha? Jailos anaapa kwamba pampu haijafika, na mimi mwenyewe nilikwenda kisimani nikaona shimo tu, limefunikwa kwa bati na jiwe juu. Sasa nani anayekwangua?

Ni sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye chungu. Taratibu, bila hasira, chini ya ardhi. Naisikia nikiwa napalilia, mchana kweupe, jua linawaka. Inakwangua kidogo, inatulia. Siku ya pili inakuwa imesogea. Mara ya kwanza niliisikia kwenye mti wa mapichi wa mama, halafu kwenye kaburi la bibi, halafu ikakunja kama mtu aliyekumbuka kitu, ikapita penye zizi la zamani. Kila nilipoisikia nimechomeka kijiti cha paini. Ukisimama mlangoni sasa unaviona, vinakwenda vimefuatana, vinatelemka kilima kuelekea kijijini.

Ndiyo, nimesema vinatelemka. Ulivyoandika nikafikiri inatoka kisimani inakuja kwangu. Lakini kijiti cha kwanza kiko karibu na ukuta wa jiko langu, na cha juzi ndicho kilicho mbali.

Sina hofu, baba, isipokuwa asubuhi nikienda kumwagia kuku maji. Wanakataa kushuka kwenye miti.

Shangazi yako,
Tekla


Iyunga, Mbeya
24 Agosti 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Sekela ananitaka niseme kwamba ni mjamzito, basi nimesema.

Nilichukua barua yako, nikaitandaza karatasi ya kompyuta sakafuni, na ramani ya mradi kando yake. Mti wa mapichi, kaburi la bibi, mkunjo, zizi. Nilikulia hapo, naweza kupatembea nikiwa nimefumba macho. Kila ulipochomeka kijiti pana kinyota. Mkunjo wako ni ule mkunjo ambao mtaalamu aliuita kosa la kadi. Nikamwita Sekela akae nami tu, bila kumwambia ni kwa nini.

Sasa nitafanya jambo ambalo baba angenipigia. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe. Jiwe hilo lina ufa, kutoka juu mpaka ardhini na chini zaidi, hakuna anayejua unaishia wapi. Ukoo wetu umeumwagia ulanzi tangu kwa babu wa babu. Wewe ulificha kwa sababu halitajwi, na mimi nikauliza juu ya mawe mengine kwa sababu halitajwi, hali tukijua wote wawili. Kwa adabu yetu tumeiambia kompyuta kwamba jiwe hilo halipo. Nimekwishaandika, na Mungu anisamehe: jiwe, na ufa.

Nilimwambia mtaalamu. Hakucheka, alikuna ndevu akasema, "Mbona hukusema mapema?" Anyitike akatoboa kadi moja tu, ya ufa wa jiwe, tukaiweka katikati ya nyingine, tukatuma. Jana karatasi imerudi. Njia ni ileile ya vinyota. Lakini kompyuta huandika nambari pembeni ya kila kinyota, cha kwanza kutokea, cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Safari hii nambari moja haipo kisimani. Ipo jiweni, na ya mwisho ndiyo ipo kisimani.

Vijiti vyako vilisema kweli. Si maji yetu yatakayokwenda jiweni, ni jiwe ndilo linalokuja kwetu. Ufa umeshafika karibu na kisima, na pampu ikisukuma, vitu viwili vitakutana, na nguvu yote ya pampu itapanda mpaka nyuma ya nyumba yako. Huko juu udongo ni mwembamba. Jiwe linaweza kufunguka kama ganda la karanga.

Niliomba kazi iahirishwe. Jailos akaja Mbeya mwenyewe kwa basi, amevaa koti la harusi, akasimama mbele ya wakubwa akasema, "Wanawake wangu wanabeba maji kutoka mtoni na watoto mgongoni. Mnataka niwaambie kuna jiwe?" Wakubwa wakamkubalia. Mwishoni mwa Septemba tunakuja na pampu, na mimi ndiye nitakayefungua koki. Wamesema nikiogopa, watamweka mwingine, na huyo mwingine hatakujali.

Shangazi, nakupenda kuliko nilivyompenda mama, unajua. Toka hapo. Nenda kwa Jailos, lala kwake hata kama anakukera. Nikimaliza nitapanda mwenyewe na kibuyu.

Mwanao,
Liberatus


Mahame
14 Septemba 1975

Baba yangu,

Hongera kwa Sekela, na asibebe ndoo. Akizaa msichana sitachukia kupata jina.

Umelitaja. Nilisoma mara moja, nikaikunja barua nikaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria, nikatoka nje kusikiliza. Kumekuwa kimya. Toka siku hiyo hakuna kukwangua. Kuku wameshuka. Kimya chenyewe sikipendi, ni kama cha mtu aliyesikia ameitwa jina na sasa amegeuka kutazama nani kaita.

Nimefikiri sana, na sasa naelewa mbona ulanzi ulirudi. Mwanamke hawezi kumwaga akajibu mwenyewe, ni kujisalimia na kujiitikia. Palikuwa panangoja mwanamume wa nyumba. Palipoona haji pakaondoka kumfuata, kidogo kidogo, kuelekea pale ambapo palisikia atakuja. Nani alipaambia? Labda mimi, maana nilipokuwa namwaga nilitaja jina lako badala ya langu, na nikasema, "Atakuja kisimani."

Usiumize kichwa kwa kuwa Septemba hakuna ulanzi. Maji yanatosha. Wazee walimwaga maji mwaka wa njaa. Una maji mengi kuliko mwanamume yeyote wa ukoo huu aliyepata kuwa nayo, na pampu juu yake! Basi mwaga. Taja jina lako, la baba yako, la babu yako, ufungue hiyo koki. Mimi nitakuwa mahali pangu, nimeegemea. Asipokuwepo wa kujibu utarudi tena, na ukirudi safari hii utarudi kwa watu wa kijiji wasio na hatia, kina mama na ndoo zao. Hilo sitaki.

Jailos alinijia na vijana wanihamishe. Nimempa godoro langu alitangulize, akafurahi kama amepewa ng'ombe. Mwache afurahi.

Barua hii nampa Silvester. Anasema lori lina shida ya gia lakini atafika. Ukiipata usije kunizuia, uje ufanye kazi yako. Sijawahi kukuona ukimwaga, na nimesubiri toka baba yako afe.

Umepokelewa, baba.

Tekla


Itengelwa
19 Oktoba 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya Septemba nimeipata juzi. Lori la Silvester liliharibika Makambako, akakaa wiki nzima akingoja kipuri, kisha akaisahau barua kwenye koti lake mpaka mkewe alipotaka kulifua. Aliileta mwenyewe hapa kijijini kwa baiskeli, analia. Sikumgombeza. Niliisoma nimesimama kisimani, na watu walinishika mikono.

Nataka nikueleze siku ile jinsi ilivyokuwa, ingawa nadhani unaijua kuliko mimi.

Tulifika asubuhi. Nikamuuliza Jailos uko wapi, kabla hata ya salamu. Akasema, "Mama Tekla ameshahama, bwana. Mimi mwenyewe nimebeba godoro lake." Alinipeleka akanionyesha godoro, lako kabisa, lile la mistari ya bluu, limewekwa vizuri kitandani. Nikauliza wewe mwenyewe uko wapi, wakasema umekwenda kanisani kusafisha. Nikaamini. Nilitaka kuamini, Shangazi, ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Kizibo kikashushwa, mabomba yakafungwa. Kijiji kizima kilikuwa kimezunguka. Nilipoweka mkono kwenye koki nikaona aibu, kisha aibu ikanitoka, nikasema kwa sauti ya chini jina langu, na la baba, na la babu. Sijui kwa nini nilisema. Hakuna aliyeniambia niseme. Nikafungua.

Mshale wa kipimo ulipanda, ukapanda, ukafika mahali mtaalamu akaanza kurudi nyuma. Halafu ukaanguka wote, ghafla. Hakukuwa na kishindo. Wenzangu walifikiri bomba limepasuka, wakainama kutazama. Mimi mkono wangu ulikuwa bado kwenye chuma, na chuma kikawa baridi mno, na kutoka ndani yake, chini sana, nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Umepokelewa."

Nilijua ni wewe. Nilikimbia kilima kile bila viatu, kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na kingine nilikitupa. Vijiti vyako vilikuwa vimesimama vyote. Jikoni moto ulikuwa unawaka, chungu cha maharage kinachemka, kuku wako chini wanadonoa. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikiwa nimejiandaa kuona jiwe limepasuka na wewe chini yake.

Jiwe ni zima, Shangazi. Nimelipapasa lote kwa viganja, juu mpaka chini. Halina ufa. Halina hata alama kwamba liliwahi kuwa nao. Mahali ulipokuwa unakaa, nyasi zimelala kwa umbo la mtu aliyekuwa ameegemea, na kanga yako nyekundu imebanwa, nusu iko nje na nusu imeingia ndani ya jiwe. Nilivuta ikanichanikia mkononi. Kipande ninacho mfukoni.

Tulikutafuta mtoni, kanisani, kwa ndugu zako wote mpaka Mgololo. Polisi wa Mafinga wameandika kwamba umepotea. Padre amesema Misa, lakini hakusema ni Misa ya nini, na watu hawakumuuliza.

Kisima kina maji. Mengi, hayaishi asubuhi wala jioni, matamu, na siku za kwanza yalikuwa na harufu ya ulanzi mpya, mpaka wazee walikuwa wanakuja na vikombe. Jailos anatembea kama amezaa. Wanawake wana desturi mpya hapa, nimewaona kwa macho yangu: akishajaza ndoo hainyanyui kichwani mara moja, anangoja kidogo, ameinamisha sikio. Halafu anatikisa kichwa kidogo, anainyanyua, anaondoka. Nilimuuliza mama mmoja anangoja nini. Alinishangaa. "Mpaka niambiwe," akasema.

Anyitike amezituma tena kadi zote, pamoja na ile ya ufa, kwa ajili ya taarifa ya mwisho. Karatasi imerudi nyeupe, isipokuwa kinyota kimoja, na hicho kipo nyuma ya nyumba yako. Mtaalamu alipanda na mimi kuliona jiwe. Akalizunguka, akalipiga nyundo yake ndogo, akaniuliza mbele ya watu wote kama kweli ni hili nililosema lilikuwa na ufa. Nilikumbuka ulivyonifundisha kujibu.

"Hakuna," nikasema. "Andika hakuna."

Sijui kama nimekuua au nimekupeleka kwenu. Nalala na swali hilo, na Sekela, aliyenifuata huku, hanisaidii, anaweka tu mkono wake mgongoni mwangu. Akizaa msichana ataitwa Tekla. Ungeandika kwamba tusimnyime ulezi. Nina hasira na wewe kwa lile godoro, na nitakuwa nayo mpaka nizeeke.

Posta hawana anwani ya kukufikisha. Kesho mafundi wanafunga mdomo wa kisima kwa kifuniko cha chuma, kwa hiyo leo jioni hii barua nitaiviringa niipitishe kwenye bomba. Nitataja jina langu, na la baba, na la babu. Halafu nitaweka sikio, Shangazi, na nitangoja mpaka niambiwe.

Mwanao,
Liberatus